MAMBO YA NYUMBANI: Nyumba Njema Si Mlango

Mara nyingi mume na mke husumbuka zaidi kwa kuchagua mji wa kukaa kuliko walivyosumbuka walipokuwa wakichaguana. Kazi ya mahali pa zamani huisha, watoto huongezeka, na siku ya kuhama hufika kabla ya watu kuwa tayari. Hapo mume huwa na mji wake moyoni, na mke naye huwa na wake. Kila mmoja huusifu ule aupendao na kuutia ila ule wa mwenzake. Maneno huwa mengi, lakini yale yaliyo moyoni kabisa hayatajwi. Mfano wa nyumba moja ya Voi waweza kuwafaa wengi walio katika shauri kama hilo.

Bwana wa nyumba hiyo alikuwa fundi wa malori, na mkewe alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake karibu na soko. Walikuwa na watoto wawili: binti wa Gredi ya 5, ambaye ana ugonjwa wa pumu, na mvulana mdogo ambaye hajaanza shule. Mama mzazi wa bwana, aliye mjane, anakaa milimani upande wa Wundanyi, katika shamba lake la migomba na maharagwe.

Voi ni mji ulioishi kwa njia tangu zamani. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo ikielekea bara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tawi la reli likajengwa kutoka hapo kwenda Taveta. Baadaye barabara kuu ikaleta malori, na malori yakaleta kazi kwa mafundi, wapishi na wenye nyumba za wageni. Lakini treni za makontena za reli mpya zilipoanza kwenda Nairobi mwaka 2018, malori yaliyokuwa yakilala njiani yalipungua. Karakana aliyofanyia kazi bwana huyo ilivumilia miaka kadhaa, na mwezi wa Januari mwaka 2025 mwenyewe akawaambia mafundi wake kwamba atafunga mwisho wa mwaka.

Bwana hakukaa kitako. Aliuliza huku na huku, na hata kabla ya Pasaka alikuwa amepata ahadi mbili za kazi. Ya kwanza ilikuwa Nairobi, katika Eneo la Viwanda, kwa mshahara wa shilingi 46,000 kwa mwezi. Ya pili ilikuwa Mombasa, katika karakana moja ya Changamwe, kwa shilingi 38,000. Karakana zote mbili zilikubali kumngoja hadi Desemba, shule zikiwa zimekwisha kufungwa.

Bwana aliona kwamba hakuna shauri la kufanywa. “Elfu nane kwa mwezi si pesa za kuokota njiani,” alisema. Tena Nairobi ndiko penye injini mpya, na fundi akae mahali ambapo ataendelea kujifunza. Mkewe hakukubali. Alisema kwamba dada yake anakaa Mikindani kwa miaka mingi, kwamba Mombasa arusi haziishi na mshonaji hakosi kazi, na kwamba baridi ya Nairobi itamwua mtoto. Bwana akajibu kwamba joto la Mombasa na mbu wake ndivyo vitakavyomwua. Majuma mawili yakapita hivyo, na kila jioni palikuwa na sababu mpya. Mwisho wakawa wanakula kimya.

Aliyewatoa katika ukimya huo ni mzee jirani, aliyepata kuwa karani wa reli na kukaa katika miji yote miwili. Hakuwaambia waende wapi. Aliwaambia wanunue daftari, waandike kila mji katika ukurasa wake, pesa zitakazoingia na zitakazotoka; kisha wakaione miji hiyo kwa macho yao, tena katika majira yake mabaya. “Mji ukiutembelea siku ya sikukuu,” alisema, “utakuonyesha mlango wake tu.” Waswahili hunena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Basi wakaandika. Kwa Nairobi waliandika kodi ya vyumba viwili upande wa Embakasi shilingi 14,000, nauli ya bwana, kwa siku 26 za kazi, shilingi 5,200, maji na stima 3,000, chakula 16,000, mahitaji ya shule 4,000, na nauli ya kwenda kumwona mama milimani, wakiigawanya kwa miezi, 2,500. Jumla ilikuwa shilingi 44,700, na katika ule mshahara mkubwa zilibaki shilingi 1,300. Kwa Mombasa waliandika kodi upande wa Mikindani 9,000, nauli 2,600, maji na stima 4,500, kwa sababu huko maji hununuliwa mara nyingi na feni haizimwi, chakula 15,000, shule 4,000, na nauli ya kwenda kwa mama 1,000. Jumla ilikuwa 36,100, na zilibaki shilingi 1,900.

Bwana alihesabu mara tatu. Zile elfu nane zilizomfumba macho zilikuwa zimeyeyuka kama barafu juani. Yapasa kila mtu anayehama akumbuke jambo hili: mshahara ni nusu ya habari, na nusu nyingine ni bei ya kuishi mahali unapolipwa.

Lakini daftari lilikuwa na kosa jingine, na kosa hilo aliliona mke. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole, “Mume wangu, mbona mimi simo?” Ilikuwa kweli. Cherehani yake ilikuwa ikileta nyumbani yapata shilingi 9,000 kila mwezi, na ndiyo iliyolipa sare na madaftari na dawa ya kuvuta ya binti. Hata hivyo haikuandikwa katika ukurasa wowote. Bwana alikuwa amehesabu kana kwamba nyumba ni mshahara wake tu. Aliona haya, akafuta, akaandika upya. Mombasa, kwa msaada wa dada na wateja wake, mke angeweza kuanza kushona juma la kwanza. Nairobi angeanza mahali asipojulikana, au atafute kazi katika viwanda vya nguo vya Athi River, ambavyo vingemtaka atoke alfajiri na kumwachia mtu mwingine mtoto mdogo.

Katika likizo ya Aprili walikwenda Mombasa wote wanne, wakafikia kwa dada. Mke alidhani kwamba safari hiyo itamaliza maneno, lakini Mombasa haikumpendelea. Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Katika nyumba ya kwanza waliyoonyeshwa, kuta zilikuwa na unyevu na kuvu nyeusi pembeni, na binti akaanza kubanwa na kifua kabla hawajatoka. Maji ya bomba yalitoka mara mbili tu katika siku zile saba, na siku nyingine walinunua kwa madumu kutoka kwenye mikokoteni. Bwana alicheka kidogo kwa uchungu, maana sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, katika kaunti yao wenyewe, na bomba lake hupita karibu na Voi. Shemeji yao aliwaonya pia wasidanganywe na kodi ya chini ya Likoni, kwa kuwa mfanyakazi wa Changamwe akikaa huko huenda akalazimika kuvuka kwa feri kila asubuhi na kila jioni, na feri ikichelewa hana la kumwambia msimamizi wake.

Hata hivyo waliona mema pia. Kutoka Mikindani hadi karakana ilikuwa safari fupi ya matatu moja. Msimamizi wa karakana alimwambia bwana neno lililomkaa kichwani. Mwaka 2022 serikali iliamuru kazi ya kutoa mizigo forodhani irudishwe Mombasa, na amri za namna hiyo huweza kubadilika tena. Lakini mizigo ikienda kwa reli au kwa lori, meli hazina budi kutia nanga Kilindini kwanza. Fundi aliyekwisha kuona kazi ya Voi ikipungua kwa sababu njia ya mizigo ilibadilika aliyaelewa maneno hayo bila kufafanuliwa.

Mwezi wa Agosti wakaenda Nairobi kwa treni. Mji huo uko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na mwezi ule jua halikuonekana siku tatu mfululizo. Walifikia kwa rafiki wa bwana, fundi mwenzake wa zamani, naye aliwapokea vizuri sana. Mke alikuwa amejiandaa kuuchukia mji, akashindwa. Majirani walimsaidia kama ndugu. Shule ya serikali ilikuwa karibu. Mbu walikuwa wachache, na hatari ya malaria ni ndogo kuliko pwani. Mwenyeji wao aliwapeleka kuangalia vyumba, akawakataza vile vilivyo kando ya mto, akiwakumbusha mafuriko ya Aprili na Mei mwaka 2024 yaliyowaondoa watu wengi makwao Mathare. Lakini usiku wa pili binti alikohoa hata alfajiri. Chumba kilikuwa karibu na barabara yenye moshi wa magari, na kwa ajili ya baridi watu wa jengo lile walikuwa wakiingiza majiko ya makaa ndani, jambo ambalo ni la hatari hata kwa mtu mzima mwenye afya.

Waliporudi Voi walimpeleka binti kwa daktari, wakamwuliza ni mji gani utakaomponya. Daktari akawaambia kwamba hakuna mji uponyao pumu. Vumbi, moshi, baridi kali, unyevu na kuvu, kila kimoja chaweza kumshtua mgonjwa, na kila mji una sehemu yake ya mambo hayo. Lililo muhimu ni kuchagua chumba chenye madirisha ya kupitisha hewa, mbali na moshi na unyevu, kutompikia mtoto kwa makaa chumbani, na kutokosa dawa yake siku hata moja. Kwa hiyo ile sababu waliyopigana nayo majuma mawili, kila mmoja akimtumia mtoto kama ngao, haikuwa sababu kabisa.

Usiku ule, watoto walipokwisha lala, waliyatoa yaliyokuwa moyoni. Bwana ndiye aliyeanza. Alikiri kwamba tangu ujana rika lake walikwenda Nairobi mmoja mmoja, na waliporudi Krismasi walisikilizwa zaidi yake hata kama mifuko yao ilikuwa mitupu. Tena mama yake anazeeka. Mama huyo amezoea ubaridi wa milimani na joto la Mombasa hawezi kulivumilia, lakini Nairobi angeweza kuja kukaa nao. Mtoto wa kiume ni yeye peke yake, nani atamtunza?

Mke alinyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo lilimgharimu. “Na mimi nilijua kwamba Mombasa hawezi kukaa. Hiyo ilikuwa sababu yangu moja, nami sikutaka uijue.” Alieleza kwamba hamchukii mama mkwe wake, ila wamekuwa wakikaribiana kwa uangalifu miaka yote, na alihofu vyumba viwili vyenye wanawake wawili wazima, kila mmoja na namna yake ya kuweka nyumba. Bwana alikasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini alipolala akawaza kwamba yeye naye alimweka mama yake katika hesabu bila kumwambia mkewe. Tofauti yao ilikuwa kwamba mke alikuwa wa kwanza kulisema waziwazi.

Jumamosi iliyofuata walipanda milimani pamoja. Walimkuta mama akipalilia, wakamweleza habari zote, ila yale yasiyofaa kuelezwa. Bwana akamwambia kwamba wakienda Nairobi watamtengea kitanda. Mama aliweka jembe chini, akawatazama mmoja baada ya mwingine.

“Mwanangu, nani alikuambia kwamba mimi nahama?” akauliza. “Baba yako amelala pale chini ya mwembe. Migomba hii niliipanda mwenyewe. Nikija kwenu nitakaa siku tatu, nitawaona wajukuu, nitarudi. Ninalotaka ni moja tu: siku nitakapougua asubuhi, mwe mmefika kabla ya jua kuchwa.”

Hapo shauri likaisha. Kutoka Mombasa hadi Voi ni yapata kilomita 150, na kutoka Nairobi ni zaidi ya 300. Na kutoka Voi mtu apande tena milimani. Majuma mengi walikuwa wamegombana juu ya mzee ambaye hawakumwuliza. Bwana alihesabu saa badala ya shilingi, na saa pia zilielekea Mombasa. Mke, ambaye hakuwa ameombwa, aliahidi mbele ya mama mkwe kwamba kila mwezi atapanda yeye mwenyewe pamoja na watoto, hata kama bwana yuko kazini. Mama akamshika mkono akasema, “Ahsante, mwanangu.” Hakuwahi kumwita hivyo zamani.

Isidhaniwe kwamba bwana hakupoteza kitu. Aliipigia simu karakana ya Nairobi mwenyewe, akashukuru, akakataa, na siku ile hakula vizuri. Zile injini mpya alizoziona Agosti zitafunguliwa na mikono ya mtu mwingine. Mke alilijua hilo. Kwa hiyo walipatana mambo mawili. Kwanza, katika pesa za cherehani watatenga kidogo kila mwezi, mpaka bwana apate ada ya mafunzo ya injini za namna ile. Pili, baada ya miaka miwili watalifungua tena daftari, ikiwa hesabu zimegeuka watazungumza upya, wala hakuna atakayesema, “Nilikuambia.” Desemba wakahamia Mikindani, ghorofa ya pili, chumba chenye madirisha pande mbili, ambacho kodi yake ilizidi walivyoandika kwa shilingi 800. Walikubali kulipa kwa sababu kuta zilikuwa kavu.

Msomaji asichukue habari hii kuwa ni sifa ya Mombasa au lawama ya Nairobi. Mombasa ni mji wa kale; Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, wakati mahali pa Nairobi palikuwa pa malisho tu na mto wenye maji ya baridi, ambao ndio asili ya jina lake. Reli ilipofika hapo mwaka 1899 mji ukaota, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 na Mombasa 1,208,333. Watu wengi namna hiyo hawakujikusanya Nairobi kwa ujinga. Mwenye mtoto anayehitaji matibabu makubwa ya mara kwa mara katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, au ambaye mzazi wake anakaa Murang'a, au ambaye mkewe amepata kazi nzuri huko, angeandika daftari lile lile na kupata jibu jingine, naye angekuwa na haki.

Basi wanaofikiri kuhama na watazame mambo haya. Waandike matumizi kabla ya kusifu mshahara. Kazi ya mke, hata kama ni ya cherehani moja, ihesabiwe sawa na ya mume. Mji utembelewe wakati wa mvua au wa baridi, na maji na nauli viulizwe kabla ya uzuri wa barabara. Mtoto asifanywe ngao, na mzee asiamuliwe jambo asiloulizwa. Na lile neno ambalo kila mmoja analificha chini ya sababu nyingine, na litolewe mapema. Kwa maana litahama pamoja nao, na kodi yake italipwa kila mwezi katika mji wowote watakaokaa.